Chombo Hakifi kwa Uzee

Yako maneno ambayo mtu akiambiwa huumia kuliko akitukanwa. Kwangu mimi maneno hayo ni haya: "Hiyo imeshapitwa na wakati, mzee." Niliambiwa hivyo katika maduka tisa, kwa muda wa siku tatu, jijini Dar es Salaam, nikiwa nimebana kwapani tochi ya gesi niliyoizungushia gazeti. Si tochi ya betri ya kumulikia njia usiku, bali ile ya mafundi, ya kukatia chuma kwa moto wa oksijeni na asetilini. Katika wauzaji wale tisa, sita hawakutaka hata nilifungue gazeti lote. Waliona kipande cha mpini wa shaba uliochakaa, wakatikisa kichwa, wakanionyesha rafu ya tochi mpya zilizomo ndani ya maboksi yenye picha.

Mimi sikwenda kutafuta tochi mpya. Nilikwenda kutafuta ringi mbili za mpira, kila moja ndogo kuliko pete ya mtoto, pakingi moja ya shina la valvu, na nozeli. Basi. Vitu vya kujaza nusu ya kiganja. Kwa kukosa vitu hivyo, chombo kilichonisomeshea watoto kilikuwa kimelala juu ya meza yangu ya kazi huko Morogoro kwa wiki sita.

Ndugu msomaji, makala haya nayaandika kwa hasira, na hasira yenyewe sitaificha. Nasema kwamba chombo hakifi kwa uzee. Chombo huuawa. Huuawa na yule anayekiuza bila vipuri, na yule anayekinunua bila kuuliza vipuri viko wapi, na sisi mafundi tunaokitia viraka vya kubahatisha. Halafu sote watatu tunasimama kaburini na kusema marehemu alikuwa mzee.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Tochi hii imetengenezwa Uingereza. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Wakati ule reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na karakana kuu ilikuwa Nairobi. Baba alikuwa akisimulia kwamba kipuri kilipohitajika, karani aliandika namba yake katika fomu, na kipuri kikaja kwa treni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikabaki na kipande chake cha reli, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Fomu zilibaki, lakini pa kuzipeleka hapakuwapo. Vyombo vingi vizima viliwekwa kando kwa sababu ya kukosa kitu kidogo tu, na baadaye vikauzwa kwa mnada kama chakavu. Katika mnada mmoja baba alinunua tochi hii. Akaitengeneza, akaitumia, na mwaka 1989 akanikabidhi mimi.

Sasa tazama ujinga wa kusema kwamba chombo hiki kimepitwa na wakati. Tochi ya oksijeni na asetilini ilibuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na majina yanayotajwa ni ya Edmond Fouché na Charles Picard, mwaka 1903. Kanuni yake haijabadilika tangu siku hiyo. Asetilini ikichanganywa na oksijeni hutoa moto unaozidi nyuzi joto 3,000 za Selsiasi. Moto huo huandaa chuma tu, haukikati. Chuma kikishaiva na kuwa chekundu cha kung'aa, fundi hubonyeza wenzo, nao mkondo wa oksijeni tupu hupita katikati ya nozeli na kukiunguza chuma chenyewe. Naam, chuma huungua kama kuni zinavyoungua, na ule mkondo hupeperusha majivu yake yaliyoyeyuka. Ndiyo maana tunakata chuma cha kawaida kwa gesi, lakini alumini na chuma kisichoshika kutu havikatiki kwa njia hiyo. Tochi iliyotoka kiwandani mwaka huu inafanya hivyo hivyo, kwa gesi zile zile, kwa valvu mbili na wenzo mmoja. Basi ni wakati gani huo uliompita baba yangu na usimpite muuza duka?

Mwili wa tochi ni shaba ya manjano. Hauozi wala hauli kutu, na usipoangushwa au kuunguzwa, unaweza kuishi kuliko mwenye nao. Vinavyochakaa ni vitu vichache vinavyojulikana. Ringi za mpira hukauka na kupasuka. Pakingi ya shina la valvu husinyaa. Nozeli hupanuka tundu kwa joto na kwa waya wa kuzibulia ambao vijana wetu huutumia bila huruma. Kikalio cha nozeli, pale inapokutana na kichwa cha tochi, hupata mikwaruzo. Aliyebuni tochi alijua yote haya, ndiyo maana alivifanya vifunguke kwa spana. Angetaka chombo cha kutupwa angekiunganisha moja kwa moja. Kila nati inayofunguka ni ahadi kwamba kilichomo ndani kitapatikana kikiharibika. Muuzaji anayeuza chombo cha nati na hana cha kuweka ndani ya nati hizo, anaivunja ahadi ambayo si yeye aliyeitoa, lakini ni yeye anayekula faida yake.

Kuna watakaosema, mzee huyu analilia ringi mbili wakati nchi ina mambo makubwa. Nitawaambia ringi mbili zinaweza kufanya nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi. Sitamtaja jina. Alikuwa mwepesi, mwenye bidii, na aliniita baba mkubwa ingawa hatuna undugu. Valvu ya oksijeni ilianza kuvuja. Tuliipima kwa maji ya sabuni, tukaona mapovu. Nilimpeleka mjini kutafuta ringi, akazunguka siku nzima, akarudi mikono mitupu. Kesho yake mimi nilikwenda msibani. Mteja akaja na geti lake, akamhimiza. Kijana akachukua mpira wa tairi ya ndani, akakata ringi kwa wembe, na kwa kuwa ilikuwa ikigoma kuingia, akaipaka grisi kidogo ili iteleze.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshafumba macho. Oksijeni ya shinikizo na grisi havikutani salama. Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na shinikizo la mamia ya angahewa ya kawaida, mara nyingi 150 hadi 200, na oksijeni inapopita kwa nguvu juu ya mafuta inaweza kuyawasha bila kiberiti. Alipofungua valvu, moto ulitokea mkononi mwake, kwenye mpini, wala si kwenye ncha ya nozeli. Alinusurika kwa sababu jirani aliwahi kufunga mtungi. Mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Aliacha ufundi, na siku hizi anaendesha bodaboda.

Kosa lilikuwa lake, na kubwa zaidi lilikuwa langu, kwa kuwa nilimfundisha kukata kabla sijamfundisha kuogopa. Hilo silikatai. Lakini nauliza: ringi ile halisi ingekuwapo dukani siku ile, wembe ungechukuliwa wa nini? Kijana hakufanya ujeuri. Alitafuta kwanza kwa njia ya halali siku nzima, kwa nauli yangu na kwa miguu yake. Njia ya halali ilipofungwa ndipo alipokwenda kwenye mpira wa tairi.

Kwa sababu hiyo hoja moja ya wauzaji hunikera kuliko zote, nayo ni hoja ya usalama. Husema, "Mzee, chombo cha zamani ni hatari, usikitengeneze, nunua kipya." Maneno matamu! Nami nakubali sehemu yake. Tochi iliyopasuka mwili, iliyopinda mirija, au iliyowahi kuingiwa na moto ndani, ikatupwe, hata kama ni ya marehemu babu. Mpira wa gesi uliochanika usifungwe kwa waya. Na mtu asifanye kazi bila vizuizi vya kurudi kwa moto, kwani asetilini ni gesi yenye hasira: ikisukumwa zaidi ya takriban shinikizo 1 la angahewa kupita kwenye mpira, inaweza kulipuka hata bila oksijeni. Ndiyo maana ndani ya mtungi wake huyeyushwa katika asetoni na kushikwa na kitu chenye vitundu kama sifongo. Haya nayajua, na nayafundisha. Lakini anayenihubiria usalama huku akikataa kuniuzia ringi ya shilingi chache anafanana na mtu anayekulaumu kwa kunywa maji machafu baada ya kuziba kisima. Hatari ya chombo kikuukuu haiko katika umri wake. Iko katika sehemu zile zile nne au tano zilizochakaa bila kubadilishwa. Na hakuna hata muuzaji mmoja anayeamini kwamba fundi maskini akikosa ringi atakwenda kununua tochi mpya. Anajua vizuri kwamba atakwenda kwenye mpira wa tairi.

Hoja ya pili ni ya bei. Kwamba tochi mpya ni rahisi, basi kwa nini kuhangaika? Niliwahi kuijaribu. Nilinunua moja mpya, ya boksi lenye picha. Baada ya miezi kumi na mbili valvu yake ya asetilini ilianza kuvuja pale pale penye ringi. Nikarudi kwenye duka lile lile. Unadhani niliambiwa nini? "Hatuuzi spea, mzee, tunauza nzima." Basi si suala la uzee tena! Mpya ilikuwa na mwaka mmoja, na tayari ilikuwa yatima. Sina ugomvi na nchi iliyoitengeneza. Nina ugomvi na biashara inayotugeuza wapangaji wa vyombo tulivyolipia bei ya kununua.

Wengine wataniambia kwamba ndivyo dunia ilivyo sasa, na kwamba hakuna awezaye kuizuia. Si kweli. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni juu ya mashine za kuchomelea za umeme, ikaanza kutumika Januari 1, 2021. Kanuni hiyo inamlazimisha mtengenezaji kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa mafundi kwa muda usiopungua miaka 10 tangu mashine ya mwisho ya aina hiyo ilipotengenezwa. Na vipuri vimetajwa kimoja kimoja, ikiwamo tochi ya kuchomelea, mipira ya gesi na rigyuleta. Haihusu tochi yangu ya oksijeni, lakini inaonyesha kwamba jambo hili linaweza kuandikwa katika sheria na biashara isife. Mataifa yenye fedha ya kununua vipya kila siku ndiyo yanayodai vipuri. Sisi tusio na fedha tunaona haya kuviulizia, tusije tukaonekana washamba.

Wala haya si mawazo ya kigeni kwetu. Tunayo shahidi Ziwa Tanganyika. Meli iliyoitwa Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakikimbia vita waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya ziwa lile kwa miongo mingi. (Grisi ile ilikuwa ya injini za mvuke, kwenye valvu ya oksijeni ni kifo, kama nilivyosema.) Fikiria basi: watu walioshindwa vita, wenye haraka ya kukimbia, walimfikiria fundi atakayekuja baada yao. Na muuzaji aliyeketi kwenye kiti chenye feni, bila vita wala mbio, hawezi kunifikiria mimi niliyesimama mbele yake.

Nimewasema wauzaji. Sasa niseme wanunuzi, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni mwenye fedha za umma. Vyuo vya ufundi, karakana za wilaya, miradi ya wafadhili, wote huagiza vyombo kwa zabuni. Zabuni huuliza bei, huuliza tarehe ya kuleta, lakini nadra huuliza ringi za chombo hicho zitauzwa wapi baada ya miaka mitano. Siku ya kukabidhi, picha hupigwa. Baada ya miaka mitatu nenda nyuma ya jengo utazame vyombo vilivyorundikwa chini ya mwembe, vingi vikiwa vizima isipokuwa kitu kimoja. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, tunalo tangu mwaka 1973. Shirika la viwango, TBS, tunalo tangu mwaka 1975. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hatukosi vyombo vya kuweka masharti. Tunachokosa ni sharti lenyewe.

Na sisi mafundi? Sisi tuna hatia yetu, na nisipoisema nitakuwa mnafiki. Tunafungua boksi na kutupa karatasi ya maelekezo, kisha baada ya mwaka tunalia kwamba hatujui namba ya kipuri. Tunafunga nozeli ya propani kwenye kazi ya asetilini kwa sababu imeingia. Kuingia si kufaa! Tunalazimisha nati ya vipimo vya Kimarekani kwenye mdomo wa Kiingereza, huku tukijua nyuzi zake hazilingani, na tukishavunja meno tunalaumu shaba. Nati ya asetilini imewekewa kimakusudi nyuzi za kufungia kushoto, na imechongwa alama pembeni, ili isichanganywe na ya oksijeni. Na bado nimewaona wanaotafuta njia ya kuzichanganya. Tunachonga mirija ya asetilini kwa shaba nyekundu, ilhali gesi hiyo ikikaa na shaba nyekundu tupu huzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Na kipuri halisi kinapopatikana, tunanunua cha bandia ili tubakiwe na nauli. Muuzaji atawekaje kitu ambacho akikiweka hatukinunui?

Lakini kosa letu kubwa ni kwamba hatupimi. Hilo nililijua katika siku ile ya tatu.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikaenda Gerezani kumwona mzee mmoja mstaafu wa reli aliyewahi kufanya kazi na baba. Nilimwamkia, akaitikia, akalifungua gazeti bila kusema neno. Hakusema imepitwa na wakati. Alitoa miwani, akatoa kaliperi kutoka katika soksi kuukuu, akazifungua nati zote tatu. Akapima tundu, akapima shina, akapima unene wa ringi iliyopasuka, akaandika namba tatu kwenye pakiti ya sigara. Nozeli aliigeuza, akasoma maandishi yaliyochongwa ubavuni ambayo mimi, kwa zaidi ya miaka thelathini, nilidhani ni urembo wa kiwanda: herufi ANM, na kipimo 1/16. Yaani nozeli ya asetilini ambayo gesi huchanganyika ndani yake yenyewe, na tundu lake ni sehemu 1 ya 16 ya inchi. "Hii bado inatengenezwa," akasema. "Usiulize jina la tochi. Uliza hii. Na ringi waombe za oksijeni, wasikupe ya maji."

Nikarudi na pakiti ile ya sigara kwenye duka la kwanza kabisa kati ya yale tisa. Sikutoa tochi. Nilisoma namba. Kijana yule yule aliyeniambia imepitwa na wakati akavuta droo iliyokuwa nyuma ya goti lake, akatoa nozeli. Akavuta ya pili, akatoa paketi ya ringi za tochi za siku hizi, za oksijeni, za kipimo kile kile hasa. Pakingi ndiyo tu niliyoikosa, nikaja kuipata wiki mbili baadaye kwa njia hiyo hiyo ya kipimo. Vitu nilivyovizungukia siku tatu vilikuwa hatua moja kutoka nilipokuwa nimesimama asubuhi ya kwanza. Nilimuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Akanijibu bila ubaya wowote, "Mzee, hukuniambia kipimo."

Nilikasirika, kisha nikaona haya, kisha nikakasirika tena, na hapo ndipo nilipo hadi leo. Kwani ni kazi ya nani kujua kwamba kilichomo ndani ya droo yake kinaingia katika kilichomo mkononi mwangu? Ni yangu, naam. Ni yake pia, kwa kuwa yeye ndiye anayejiita muuza vifaa vya gesi. Na kabla yetu sote wawili ni ya yule aliyeingiza nchini vyombo na kuacha daftari la vipuri ng'ambo.

Basi madai yangu ni haya, na si mazito. Pasiwe na chombo cha kazi kinachonunuliwa kwa fedha za umma bila orodha ya vipuri na vipimo vyake, iliyoandikwa kwa Kiswahili, na bila mtu anayewajibika kuviuza kwa miaka 10. Kila duka linalouza tochi nzima liuze ringi, pakingi na nozeli zake, au liache kuuza tochi. Katika kila chuo cha ufundi, mwanafunzi asishike moto kabla hajashika kaliperi. Na kila fundi mwenye chombo kikuukuu akifungue wakati bado ni kizima, akipime, aandike vipimo hivyo ukutani.

Vyangu nimeviandika kwa rangi nyeupe juu ya meza ya kazi. Kijana wangu wa sasa huvisoma kila asubuhi anapofungua mlango, na mwezi uliopita alikwenda mjini peke yake, akarudi na ringi mbili za akiba kabla ya adhuhuri. Vidole vyake vyote kumi vinakunjika. Mimi nataka vibaki hivyo.